Uzi: Mtoto wa zamu kwenye hadithi, hasa yule ambaye bado hajui Jumapili ni lini

Kalamu_Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda.

Nina riwaya inayonitoa jasho, mwaka wa pili huu. Wazazi wametengana, mahakama imegawa malezi: mtoto wiki moja kwa mama, wiki moja kwa baba, kukabidhiana ni Jumapili saa 12 kamili jioni, hakuna kuchelewa, hakuna kubadilishana siku. Mtoto ana miaka 4. Sura za wazazi zinajiandika. Sura ya mahakamani niliimaliza nikajipongeza kabisa. Nikimfikia mtoto, kalamu inakufa. Analia, anakumbatia mdoli, anauliza "kwa nini baba na mama hawakai pamoja?" Nikisoma naona huyu si mtoto, ni mimi nimepiga magoti.

Nikaamua kuchungulia wengine walifanyaje. Nilichokuta kimenishangaza: karibu wote wanamkwepa mtoto mdogo. Andy wa The Suitcase Kid, riwaya ya Jacqueline Wilson ya 1992, anahama nyumba kila wiki kama mtoto wangu, ila ana miaka 10, anajua kusoma kalenda na anatusimulia mwenyewe. Mapacha wa Erich Kästner katika Das doppelte Lottchen (1949), ambao kila mzazi alichukua mmoja akaondoka naye, tunakutana nao wakiwa na miaka 9, tayari wana akili ya kupanga njama. Termeh wa filamu ya Asghar Farhadi, A Separation (2011), ana miaka 11. Hakimu anamwuliza achague, na filamu inaisha hatujasikia jibu. Julien wa filamu ya Kifaransa Jusqu'à la garde (2017) naye ni wa miaka 11, barua yake inasomwa mbele ya hakimu yeye akiwa hayupo.

Wote hao wanaweza kusema. Hoja yangu ni hii: ratiba ngumu humuumiza zaidi yule asiyejua ratiba ni nini, na ndiye huyo waandishi tunamwacha nje kwa sababu hana maneno. Tunasubiri afike miaka 10 ndipo tumwingize kwenye kitabu.

Naweka kipande changu hapa. Kichaneni bila huruma.

*Saa 11 na dakika 40 Salma alikuwa amelala kwenye kochi, shavu limegandana na mto, homa imeshuka muda si mrefu. Baba yake alisimama na begi mkononi, akatazama saa ya ukutani, akamtazama mtoto, akaitazama tena saa. Akamwamsha. Salma hakulia. Alinyoosha mguu avalishwe kiatu, macho bado yamefumba, kama mgonjwa aliyekwisha kuzoea sindano. Kiatu cha pili hakikuonekana. Wakatafuta chini ya kochi, nyuma ya mlango. Saa 11 na dakika 52. "Basi," baba alisema, akambeba.*

---

Nipo_Pembeni

Siti ya mbele. Wajuzi shukeni.

---

Mwalimu_wa_Vidudu

Mleta uzi, huo mguu ulionyooshwa ndio kitu cha kweli pekee kwenye maelezo yako yote, pamoja na ya huko juu. Mdoli mchome moto.

Nafundisha watoto wa miaka 3 hadi 5, huu mwaka wa kumi na kitu. Wanaohama nyumba kwa ratiba nawapata kila mwaka. Watu wa nje wanadhani nitawaambia habari za kilio. Kilio ni siku za mwanzo. Kinachokuja baadaye ni utulivu, na utulivu ndio unaowadanganya watu wazima. "Amezoea." Hilo neno nimelisikia kwa wazazi mpaka limenikinai.

Kuna wanandoa wawili, James na Joyce Robertson, walirekodi filamu za watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi. Ya kwanza ni ya 1952, mtoto wa miaka 2 na miezi 5 aliyelazwa hospitalini siku 8. Ya 1969 ni mtoto wa miezi 17 aliyewekwa kwenye kituo cha watoto siku 9 mama akiwa amekwenda kujifungua. Yule wa pili ndiye mwandishi unapaswa kumtafuta. Siku za mwanzo anatafuta mtu wa kumshika. Kisha anachoka. Mama anaporudi, mtoto hamrukii. Anapiga mayowe, anajikunja, hataki kushikwa naye. Robertson na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza watoto, walikuwa wameshaeleza hatua tatu: kupinga, kukata tamaa, kisha kujitenga, na hiyo ya tatu kwa macho ya muuguzi inaonekana kama mtoto amepona, anacheza, anakula, hana shida na mtu.

Niseme wazi, yule hakuwa na mzazi yeyote karibu. Mtoto wa zamu anatoka kwa mzazi anakwenda kwa mzazi, haifanani moja kwa moja. Lakini lile la kumgeuzia kisogo mtu uliyekuwa unamngoja, hilo naliona mlangoni kwangu. Baba kaja siku yake ya kwanza ya zamu, mikono kaifungua, mtoto anaenda kupanga vibao. Baba anadhani mama kamtia sumu. Mama akisikia anadhani baba kafanya jambo. Wanaandikiana ujumbe mrefu usiku. Kumbe mtoto anahitaji dakika ishirini tu.

Vitu vingine uvitumie, ni bure:

Mtoto wa miaka 4 hana wiki. Ana kulala. "Nilale mara ngapi?" Ukimwambia mara saba umemwambia milele, maana kuhesabu anahesabu kwa mdomo, lakini saba haina urefu. Jana na kesho kwake ni kitu kimoja, maana yake ni "si sasa". Nina mmoja alikuwa ananiambia kila siku "jana nitakwenda kwa mama". Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye niliacha.

Mwingine alikuwa anakataa kuvua sweta. Joto, jasho linamtoka, hataki. Ilichukua muda nikagundua ni sweta la nyumba ile nyingine, na akilivua linafuliwa, likifuliwa linarudi na harufu ya nyumba hii.

Na swali lao la asubuhi si "kwa nini hamkai pamoja". Wananiuliza mimi, wakiwa wamenishika sketi: "Leo ni ya nani?"

---

Kalamu_Butu

Mwalimu, nimesimama. "Leo ni ya nani." Naomba niiweke kwenye kitabu.

---

Wakili_Asiyelala

Nachangia kutoka upande mwingine, msinipige mawe.

Waandishi mnaipenda sana picha ya hakimu mwenye moyo wa jiwe anayegawa mtoto kwa rula. Mimi nimesimamia mashauri ya malezi kwa miaka, na amri ngumu mara nyingi imetokana na amri laini iliyoshindikana. Hakimu anaandika "baba atamwona mtoto kwa nyakati zinazofaa". Nyakati zinazofaa kwa nani? Mama anasema Jumamosi haifai. Baba anakuja Jumatano saa 3 usiku, anasema yeye inamfaa. Mtoto amesimama ukumbini na nguo za kulalia. Miezi sita baadaye wanarudi mahakamani, na sasa inaandikwa "Jumapili, saa 12 kamili jioni, getini". Lile neno "kamili" kuna mtu alilililia. Kwa wazazi wasioweza kuongea bila kutukanana, saa ndiyo mpatanishi pekee waliyebaki naye.

Kwa hiyo baba wa Salma anapomwamsha mtoto mwenye homa, mwandishi ujue anaogopa nini. Haogopi jela. Anaogopa kwamba dakika kumi za leo zitasomwa kwa sauti mbele ya hakimu mwezi wa tatu: "Mlalamikiwa ana tabia ya kuchelewesha." Ukiliweka hilo, baba hawi katili na mama hawi katili. Karatasi iliyowazuia wasigombane ndiyo hiyo hiyo inawazuia wasimwone mtoto aliyelala.

Kama unaandika hadithi ya zamani, angalia sheria ya wakati huo. Uingereza kabla ya 1839 baba ndiye alikuwa na haki karibu yote juu ya watoto. Sheria ya mwaka huo, ambayo Caroline Norton aliipigania baada ya mumewe kumnyima watoto, ilimruhusu mama kuomba malezi ya watoto walio chini ya miaka 7. Yaani mtoto alikuwa na tarehe ya kuisha, kama dawa. Hebu fikiria sura inayoanzia siku ya kuzaliwa ya saba. Sijaona mtu aliyeiandika.

Na hili la sauti: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa haki ya kusikilizwa mtoto "anayeweza kuunda maoni yake". Hapo ndipo Termeh na Julien wanapatikana, mkuu. Hata sheria inamngoja mtoto akue ili aongee. Hujaonewa na waandishi peke yao.

---

Bi_Mkasi

Mimi ni mhariri, kwa hiyo nitakuwa na mdomo.

Kwanza, yeyote anayetaka kuanza mchango wake na ndovu wawili na nyasi, aufute. Nimeshahariri miswada minne ya talaka na yote ilikuwa na ndovu.

Pili, mleta uzi umesema wote wamemkwepa mtoto mdogo, na umemruka aliyetangulia kuliko wote uliowataja. Riwaya ya What Maisie Knew ya Henry James, 1897. Msichana, Maisie, ana kama miaka 6 inapoanza. Mahakama ilimpa baba, lakini baba alikuwa na deni la pauni 2,600 kwa mama na hana cha kulipa, basi wakaafikiana wamkate nusu kwa nusu: miezi sita huku, miezi sita kule. James mwenyewe anamtaja Sulemani papo hapo, kwa kejeli. Lile tishio la upanga ambalo Sulemani alilitumia kumpata mama wa kweli, hawa wanalitekeleza na kulitia saini.

Sasa angalieni anavyofanya. Maisie anabebeshwa matusi. Baba anamfundisha neno la kumpelekea mama, mama anamrudishia la kumpelekea baba, na mtoto anayafikisha kwa uaminifu kama tarishi, hajui maana. Siku moja anagundua kazi yake ni nini. Hasemi "mnaniumiza". Anaamua kuwa mjinga. Anaanza kusahau, hajibu, hasimulii. Wazazi wote wawili wanakasirika kwamba mtoto amedumaa akili. Mwalimu wa vidudu, huo si ndio utulivu wako?

Na kuna zamu ya pili ya kisu. Mwanzoni kila mzazi anapigania kuwa na mtoto ili amkomoe mwenzake. Baadaye wanaona komoo kubwa zaidi ni kutokuja kumchukua. Ratiba ni ile ile ya miezi sita. Kilichogeuka ni kwamba sasa kila mmoja anatamani mwenzake apitilize. Kaka Kalamu, wewe umeandika ugumu wa aina moja tu, wa saa inayofika. Kuna ugumu wa saa iliyofika, begi liko mlangoni, mtoto amevalishwa, na gari halionekani.

Unajiuliza James alipata wapi maneno ya mtoto asiye na maneno? Alieleza kwenye dibaji ya toleo la 1908: watoto wanaona mengi kuliko wanayoweza kuyataja. Basi akamwachia Maisie macho, msimulizi akachukua ulimi. Hakuigiza utoto. Hakuna hata sentensi moja pale inayojifanya imeandikwa na mtoto.

Tatu, na hili ndilo lililonileta. Unaandika Kiswahili! Tumia lugha yako. Kiswahili hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". Mtoto akiuliza dirishani "Anakuja?", mama hajui ni nani anayeulizwa. Anatamani awe mtu mwingine. Anaogopa ni baba. Mwandishi wa Kiingereza hawezi kulipata hilo hata akilala juu ya kamusi. Halafu lile neno "kwetu". Mtoto wa miaka 4 anaposema "twende kwetu", ni wapi? Wengine wote tuna kwetu moja, hata kama tumehama. Mtoto wako ana "kwa mama" na "kwa baba", na kwetu yake imebaki nyumba ambayo sasa anakaa mpangaji mwingine. Usimweleze msomaji hili. Mwache Salma aseme "twende kwetu" ndani ya gari, na dereva asijue akate kona ipi.

---

Nipo_Pembeni

Bi Mkasi ananitisha lakini anasema kweli.

---

Hoja_Tupu

Naomba nipinge kidogo kabla uzi haujageuka msiba.

Mnazungumza kana kwamba nyumba mbili ni ugonjwa. Nina watoto wawili, tunagawana na mama yao, siku 2 huku, siku 2 kule, siku 3 huku, kisha inageuka. Tumeibandika kwenye friji kwa rangi. Mdogo alianza akiwa na miaka 3. Anajua bluu ni mimi, kijani ni mama. Analala vizuri, anakula, anagombana na dada yake kama kawaida. Kinachomuumiza mtoto ni ugomvi, na ugomvi haujali mko kwenye ratiba au mko kitanda kimoja.

Riwaya zinatuuzia ratiba kama shetani kwa sababu ratiba inaandikika. Saa, geti, begi. Ugomvi wa chini chini wa miaka 9 ndani ya ndoa hauna geti. Hata filamu ya Kramer vs. Kramer ya 1979, ya baba aliyeachiwa mtoto amlee peke yake, nguvu yake haiko kwenye amri ya mahakama. Iko kwenye zile asubuhi mbili jikoni, ya mwanzo baba hajui hata sufuria iko wapi, ya mwisho yeye na mtoto wanaandaa bila kusemeshana maana kila mmoja anajua mkono wa mwenzake uko wapi. Amri ya kumrudisha mtoto kwa mama inakuja kuvunja *hicho*. Kama tusingeziona zile asubuhi, amri ingekuwa karatasi tu.

---

Mwalimu_wa_Vidudu

Hoja Tupu, hatupingani sana. Rangi kwenye friji ni kitu kizuri, mtoto anaiona kesho kwa macho. Ila siku zako ni mbili mbili, na nina hakika mtoto akiugua hamwamshi. Ndiyo tofauti tunayoizungumza. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa sheria na akili za watoto, Goldstein, Anna Freud na Solnit, waliandika kitabu kuhusu malezi na sheria, na jambo moja walilolisisitiza ni kwamba mtoto ana wakati wake, si wakati wa mtu mzima. Walifika kwenye hitimisho ambalo wengi walilikataa, kwamba mzazi mmoja apewe na aamue yeye kama mwingine aje. Mimi silikubali hilo. Lakini lile la wakati halijapingika: wiki moja ya mtu wa miaka 40 si wiki moja ya mtu wa miaka 4.

---

Mkimbizi_wa_Jumapili

Huwa nasoma tu humu. Leo nimeingia kwa sababu ya neno la wakili, "karatasi".

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilianza nikiwa na miaka 5, wiki kwa wiki, mpaka 13. Sitataja mahakama wala mji. Wazazi wangu hawakuwa watu wabaya na wote wawili wako hai, tunasalimiana.

Kwa baba kulikuwa na paka. Alizaa watoto wanne Jumamosi, ndani ya kabati la viatu. Wamefumba macho, wanatambaa kama viwavi wenye manyoya. Baba akaniambia watafumbua baada ya siku kama nane, tisa. Mimi nilitakiwa kuondoka kesho yake. Nikalia, nikaomba nibaki niwaone wakifumbua. Baba akampigia mama, nilisikia upande wake mmoja. Alirudi akasema, "Karatasi hairuhusu."

Nilikuwa na miaka 5. Nilisikia "Karatasi haruhusu". Nilidhani ni mtu. Kwa muda mrefu, sijui mwaka, niliamini kuna mzee anaitwa Karatasi, mrefu, hana mke, anakaa mahali, na ndiye anayewaamuru baba na mama yangu, na wote wawili wanamwogopa. Nikiwa na shida nilikuwa nasema, "Muulizeni Karatasi." Siku moja nilimwambia shangazi, "Karatasi amekataa," akacheka mpaka akatoa machozi, akaita watu waje wasikie. Nikaona aibu nikaacha kumtaja. Lakini sikuacha kumwamini.

Niliporudi Jumapili ya pili, paka wote walikuwa wanaona. Walinitazama kama mgeni.

Jambo jingine, kwa mleta uzi. Nilikuwa na vicheko viwili. Cha kwa mama kilikuwa cha chini, maana kule tulikaa na bibi mgonjwa. Cha kwa baba kilikuwa kikubwa. Nakumbuka niko kwenye gari, katikati, nimesikia kitu cha kuchekesha redioni, na nikasita sijui nicheke kipi.

---

Nipo_Pembeni

Aisee.

---

Bi_Mkasi

Mkimbizi, andika kitabu. Nasema kwa uzito. Mengine yote tuliyoandika hapa ni maelezo.

Hoja Tupu, naomba uone: ugomvi hauko kwenye simulizi hii hata kidogo. Hakuna aliyepaza sauti. Baba alijaribu, alipiga simu. Na hata mama huenda alitaka kukubali akaogopa kama wakili alivyosema.

---

Hoja_Tupu

Nimeona. Nimemwuliza mwanangu mkubwa jioni hii kama kuna kitu kilishawahi kumpita akiwa upande wa pili. Akaniambia "vingi", akaendelea na simu yake. Sijamwuliza ni vipi. Nitamwuliza.

---

Wakili_Asiyelala

Kwa faida ya waandishi: amri nyingi zinaruhusu wazazi kubadilishana siku wakiafikiana. Kwa kawaida karatasi haimzuii mtu kuongeza siku moja kwa ajili ya paka. Ila wateja wangu hawanisikii nikisema hivyo. Wanaisoma kama kisomo cha msibani, neno kwa neno. Nami nina sehemu katika hilo, maana ndiye niliyewaambia wasitoke nje ya mstari hata nukta, shauri likiwa bado linaendelea. Shauri liliisha. Sikuwapigia kuwaambia sasa mnaweza kutoka.

Na hakuna riwaya ninayoijua inayomfuata wakili baada ya hukumu. Sisemi iandikwe.

---

Tarumbeta

Kuna aliyefikiria habari ya Persefone wa Wagiriki? Mungu wa kuzimu kamchukua, mama yake Demeta, mungu wa mazao, kagoma, dunia ikakauka, Zeu, mkuu wa miungu, akaamua: sehemu ya mwaka chini kwa mume, sehemu juu kwa mama. Kwenye utenzi wa kale ni theluthi moja chini, Ovid, mshairi wa Roma, baadaye anafanya miezi sita kwa sita. Huyo si mtoto mdogo na kule si kwa baba, najua. Lakini ni ratiba. Na kila mtu akisimulia anasimulia majira: mama akilia ni baridi, akifurahi mimea inaota. Hali ya hewa ya mama. Binti mwenyewe akiwa njiani anapanda au anashuka anawaza nini, hapo ndipo ningependa kusoma.

---

Kalamu_Butu

Nimekaa na uzi huu siku tatu. Nimemwandikia Mkimbizi pembeni kumwomba ruhusa. Amenijibu: "Karatasi mchukue, kila mtu ana wake. Paka ni wangu." Nimekubali.

Nimefuta sura ya mahakamani yote. Iliniuma. Ilikuwa na kurasa 22 na hakimu mwenye miwani. Sasa mahakama haionekani kabisa, yupo Karatasi tu. Nimeandika upya kukabidhiana, safari hii kutoka upande wa mama, getini. Haya:

*Saa 12 kasoro dakika mbili gari lilisimama. Mama alikuwa amesimama getini tangu saa 11 na nusu, lakini alirudi nyuma hatua tatu ili aonekane ndiyo kwanza anatoka. Baba akamshusha mtoto, akashusha begi. "Alikuwa na homa," alisema, akiliambia geti. "Dawa iko mfuko wa pembeni. Anatakiwa nyingine saa 2." "Asante," mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kupita hapo.*

*Alichuchumaa, akafungua mikono. Salma alimpita akaingia ndani, akakaa chini, akavua viatu, akavipanga ukutani sambamba, visigino vimegusa. Akavitazama. Akavisogeza tena. Mama alibaki amechuchumaa na mikono yake imefunguka. Nyuma yake gari lilikuwa bado halijaondoka.*

*"Anakuja?" Salma aliuliza, bila kugeuka.*

*"Nani, mama?"*

*Salma alifikiri. "Karatasi," alisema.*

Semeni.

---

Bi_Mkasi

Ondoa "Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kupita hapo." Tumeona wenyewe. Mengine acha.

---

Mwalimu_wa_Vidudu

Dakika ishirini za mama hapo chini, mikono wazi. Mwache achuchumae mpaka miguu ife ganzi. Usimharakishe.

---

Mkimbizi_wa_Jumapili

Nimesoma mara mbili. Sawa.

---

Nipo_Pembeni

Mimi si mwandishi, samahani kwa kuingilia. Ila kule juu kiatu kimoja hakikuonekana, baba akambeba hivyo hivyo. Huku kwa mama anavua viatu viwili. Cha pili kimetoka wapi?

---

Kalamu_Butu

Eeh. Amekuja na kimoja. Anakivua, anakiweka ukutani, na pembeni anaacha nafasi ya kingine.

Narudi mezani.